Ndege msiyemjua, msimbandike jina

Kuna tabia moja imeingia katika kazi ya kuhesabu ndege huku mashariki mwa Kongo, na inafaa isemwe wazi. Ni tabia ya kulazimisha jina. Mtu anaingia msituni na karatasi yenye mistari. Anaona ndege kwa sekunde tatu juu ya mti, jua likiwa nyuma ya ndege huyo. Hajaona tumbo vizuri, hajasikia sauti, na hata hivyo anaandika jina kamili, kana kwamba ndege amemuonyesha kadi ya mpigakura. Sababu inajulikana: kwenye karatasi hakuna mahali pa kuandika "sijui", na mkubwa wa mradi hapendi mistari mitupu.

Tabia hiyo ni mbaya. Inaharibu habari za msitu, inadharau wale wanaoujua msitu tangu utoto, na mwisho wake inawagusa hata wahami walio mbali na vijiji vyao. Wengi watauliza: vita haijaisha, familia zinalala chini ya mahema, nani ana nafasi ya kubishana kama ndege ni huyu ao ni ndugu yake? Ni swali la haki, na jibu lake liko chini. Lakini kwanza ieleweke ndege wenyewe wanasumbua namna gani.

NDUGU WAWILI NA WATOTO WAO

Mfano ulio karibu na wengi ni yule ndege mdogo mwenye mkia mrefu kuliko mwili, anayerukaruka kwenye miti ya avoka na kukamata wadudu hewani. Vitabu vinamwita Terpsiphone viridis. Dume ana kichwa cheusi chenye kung'aa, mgongo mwekundu kama tofali, na tumbo la kijivu. Huyu anapenda mahali penye mwanga: bustani, kando ya mashamba, miti ya kando ya mto, ukingo wa msitu.

Ana ndugu yake, Terpsiphone rufiventer. Huyu ni mkaaji wa ndani ya msitu. Kichwa chake ni cheusi vilevile, mgongo ni mwekundu vilevile, lakini tumbo lake si la kijivu, ni la rangi ya chungwa lililoiva. Mara nyingi mkia wake haufiki urefu wa mkia wa ndugu yake.

Mpaka hapo mtu atasema ni rahisi: tumbo la kijivu ni huyu, tumbo la chungwa ni yule. Lakini shida inaanza hapo. Jike hana mkia mrefu. Dume mwenyewe akibadilisha manyoya, mkia unaanguka na anaonekana kama jike. Kuna sehemu ambako madume wengine wa Terpsiphone viridis wana mgongo na mkia mweupe kabisa, na mtu asiyejua ataapa kwamba ameona aina nyingine. Tena chini ya miti mikubwa mwanga unadanganya: rangi ya chungwa ikiwa kivulini inaonekana kama kahawia, na kijivu kikipigwa na mwanga wa majani kinaonekana kama kijani.

Juu ya hayo yote kuna jambo kubwa zaidi. Pale ndugu hawa wawili wanapokutana, wanaoana na kuzaa. Mtoto wao anachukua kwa baba na kwa mama. Mmoja anakuwa na kifua cha kijivu na tumbo la chungwa. Mwingine anakuwa na madoa ya rangi mbili, kama nguo iliyofuliwa pamoja na nguo nyingine ikashika rangi yake. Mtoto huyo akioana na upande mmoja, wajukuu wanakaribia kufanana na upande huo, na baada ya vizazi vichache kinabaki kidoa kidogo tu cha kusema kwamba kulikuwa na mchanganyiko. Hakuna jicho, hata liwe kali namna gani, linaloweza kumtaja ndege wa namna hiyo bila kusitasita.

Hii si hadithi mpya. Mmarekani James Chapin, aliyefanya kazi Kongo miaka mingi na kuandika vitabu vinne juu ya ndege wa nchi hii, alitoa uchunguzi mwaka 1948 juu ya kuchanganyika kwa ndege hawa wa mkia mrefu barani Afrika. Alikuwa na ngozi nyingi za ndege mezani, alizipanga moja kando ya nyingine, na hata hivyo alikubali kwamba kuna wale wa katikati. Kama yeye, ndege akiwa mkononi, aliandika "mchanganyiko", mtu aliyemwona ndege huyo kwa sekunde tatu anapata wapi uhakika?

CHOTARA NI SHAHIDI

Sasa ije sababu ya kweli ya ubishi huu. Ndege chotara si takataka ya kufagia ili orodha ionekane safi. Yeye ni shahidi.

Ndege wa mahali penye mwanga hana kazi ndani ya msitu mzito. Anaingia pale msitu unapofunguka. Watu wakikata miti kwa shamba, kwa makala, kwa mbao, ao kwa kupitisha barabara, mwanga unaingia, na yeye anafuata nyuma ya mwanga. Huko anamkuta ndugu yake wa msituni, na ndoa zinaanza. Si kila chotara ni alama ya shoka, kwa sababu kuna mahali msitu na nyasi vinapakana tangu zamani bila mkono wa mtu. Lakini mtu akirudi mahali pamoja kila mwaka na kuona machotara wanazidi, amepata habari kubwa juu ya msitu huo, na ameipata bila ndege ya angani na bila mashine ya bei kali.

Fikiria sasa mhesabuji anayelazimisha jina. Akiona wekundu kidogo tumboni, anaandika ndege wa msitu. Karatasi kumi namna hiyo zikifika biro, rapoti itasema ndege wa msitu wako wengi na msitu uko salama. Mwenzake akiona kijivu kidogo kifuani, anaandika ndege wa bustani, na rapoti yake itasema msitu umekwisha. Rapoti zote mbili ni za uongo, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya. Ukweli ulikuwa kwenye ndege mwenyewe, na ukweli huo umefutwa na kalamu.

JINA LILILOMFICHA TAUSI

Wanaopenda kulazimisha majina wakumbuke habari ya tausi wa Kongo. Mwaka 1913, huyo huyo Chapin alikuwa Avakubi, katika msitu wa Ituri. Aliona unyoya katika kofia ya mtu wa huko, unyoya ambao haukufanana na wa ndege yeyote aliyemjua. Akauweka. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936 alikuwa katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, huko Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando. Walikuwa na karatasi iliyosema ni tausi wa India wasiokomaa. Chapin akawatazama, akakumbuka ule unyoya. Hawakuwa tausi wa India. Walikuwa ndege wakubwa wa msitu wa Kongo, jamaa wa mbali wa tausi wa Asia, ambao wataalamu hawakuwajua. Mwaka ule ule akawapa jina, Afropavo congensis, na mwaka 1937 akarudi Kongo kumtafuta ndege huyo mwenyewe, akampata.

Habari hiyo inasimuliwa mara nyingi kwa kumsifu Chapin. Sifa anastahili, kwa sababu alitunza unyoya asioujua kwa miaka 23 bila kuubatiza jina la uongo. Lakini kuna mambo mawili yanayosahauliwa.

La kwanza: ndege wale wawili hawakuwa wamepotea. Walikuwa ndani ya nyumba yenye wataalamu. Kilichowaficha si giza la msitu, ni karatasi yenye jina la kubandika. Kama karatasi ile ingeandikwa "ndege mkubwa toka Kongo, hajulikani", mtu angeuliza mapema. Jina la uongo ni baya kuliko kukosa jina, kwa sababu linafunga swali.

La pili: mtu aliyevaa ile kofia alijua unyoya ulitoka kwa ndege gani. Wawindaji wa Ituri walimjua ndege huyo, walijua anatembea wapi na analala wapi. Hawakuandikwa kama wagunduzi. Walioandikwa ni waliochelewa.

MMOJA ALIYEKUWA NDANI YA DROO

Kosa linaweza kwenda pande zote mbili. Katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, mwaka 1955, ndege mmoja jike alichukuliwa mahali panapoitwa Malenge. Ni wa kundi la wale ndege wa usiku wanaolala chini, wenye rangi ya majani makavu, ambao macho yao yanawaka taa ya gari inapowapiga barabarani. Ndege wa kundi hilo wanafanana vibaya sana. Huyu wa Itombwe alikaa ndani ya droo miaka 35, na mwaka 1990 tu ndipo ilitangazwa kwamba ni aina ya peke yake. Akapewa jina la Alexandre Prigogine, aliyekusanya ndege wengi wa milima hiyo. Mpaka leo ni huyo jike mmoja tu anayejulikana kwa hakika.

Huko Liberia mambo yalienda kinyume. Mwaka 1984 ndege mmoja mdogo wa kijani mwenye madoa meupe kwenye mabawa alichukuliwa msituni. Mwaka uliofuata alitangazwa kuwa aina mpya kabisa. Watu walimtafuta tena miaka mingi na hawakumpata. Baadaye DNA yake ilipopimwa kwa njia za kisasa, ikaonekana hana tofauti na aina nyingine ya kawaida inayoishi katika msitu ule ule. Yale madoa meupe, wachunguzi wanafikiri, huenda yalitokana na chakula kibaya wakati manyoya yalipokuwa yanaota.

Kwa hiyo wawili wanaweza kuhesabiwa kama mmoja, na mmoja akahesabiwa kama wawili. Wote waliohusika walikuwa watu wa kusoma, wenye vitabu na vipimo. Kama hao walihitaji miaka 30 na zaidi, kwa nini kijana aliyepewa mafunzo ya siku mbili hotelini alazimishwe kujaza kila mstari kabla ya saa sita?

WANAOJUA KWA MASIKIO

Katika misitu ya mashariki kuna ndege wadogo wa rangi ya kijani-kahawia, wasio na alama, wanaojificha kati ya majani. Wanne kati yao wanafanana karibu kabisa: Eurillas virens, Eurillas gracilis, Eurillas ansorgei na Eurillas curvirostris. Wa tano ana ndevu za njano, lakini watoto wake hawana ndevu hizo wazi, na wanachanganywa na wale wengine. Kitabu chenye picha nzuri hakisaidii sana. Kinachowatenganisha zaidi ni sauti.

Na sauti inajulikana na nani? Si na mgeni aliyeshuka juzi kwenye uwanja wa ndege. Inajulikana na mwindaji, na mama anayeenda kuni, na kijana aliyelinda shamba la mpunga, na mzee aliyeishi kando ya msitu miaka sitini. Hao hawamtazami ndege, wanamsikia. Wanajua yupi anaimba kabla ya mvua, yupi anapiga kelele nyoka akipita, yupi anashuka bondeni wakati matunda fulani yanaiva.

Lakini katika kazi nyingi za kuhesabu, watu hao wanaajiriwa kubeba mizigo na kukata njia kwa panga. Mzee anasimama, anainua kidole, anasema: "Yule si ule wa jana." Mwenye karatasi hageuki. Anatafuta jina katika kitabu, na kama halipo, anachukua lililo karibu. Jioni mzee analipwa faranga za siku, na alichokisikia kinabaki njiani.

Isisemwe kwamba mzee hakosei. Anakosea pia. Lugha nyingi za huku zina jina moja kwa ndege wadogo watano ao sita, kwa sababu hawaliwi na hawaharibu shamba. Na kuna ndege wanaoiga sauti za wengine, wakamdanganya hata mwenye msitu. Mzee asichukuliwe kama nabii. Lakini ushahidi wake uandikwe kama ushahidi: kijiji gani, lugha gani, jina gani, alisikia nini. Mwenye kitabu na mwenye masikio wakiandika pamoja, makosa ya mmoja yanashikwa na mwingine. Kila mmoja akiwa peke yake, makosa yanapita.

SIMU HAIJUI YOTE

Siku hizi kuna programu za simu zinazosikiliza ndege na kutoa jina mara moja. Vijana wanazipenda, na ni vizuri wazipende. Lakini simu inajua kile ilichofundishwa. Imefundishwa kwa sauti nyingi za Ulaya na Amerika, na sauti chache za Masisi, Mwenga ao Mambasa. Ukiipa sauti isiyoijua, inaweza kukupa jina la ndege anayekaribiana naye, na kwenye kioo jina hilo linang'aa sawasawa na jina la kweli. Kijana anaamini kwa sababu ni mashine. Ni ile ile karatasi ya Tervuren, sasa imeingia mfukoni.

Na wale wanaosema haiwezekani kuandika "sijui" katika kazi ya kitaalamu, hawasemi ukweli. Daftari kubwa la ndege linaloitwa eBird, la Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, ambalo watu wa dunia nzima wanaandikia humo, lina nafasi ya kuandika "mmoja wa hawa wawili". Lina nafasi ya kuandika kundi tu bila aina, na lina nafasi ya chotara. Wataalamu wakubwa wanatumia nafasi hizo kila siku bila haya. Haya imebaki kwa wanaotaka kuonekana wataalamu.

TUMBO KWANZA?

Sasa lirudiwe swali la wahami. Mtu aliyekimbia na watoto na sufuria moja, ndege chotara anamhusu nini?

Kwanza, hakuna anayejua ubaya wa orodha ya haraka kuliko mhami. Yeye anajua maana ya kuandikwa vibaya. Aliyeshika kalamu ana haraka, anaandika kijiji cha jirani badala ya kijiji chako, anakosea herufi moja ya jina, anahesabu watoto wanne badala ya sita. Siku ya kugawa unga, jetoni haitoki. Ukilalamika, unaambiwa: karatasi imesema hivi. Karatasi ikishaandikwa inakuwa na nguvu kuliko mtu aliyesimama mbele yake. Msitu hauwezi kupanga mstari na kulalamika. Unahitaji watu wanaojua uchungu huo wauseme kwa niaba yake.

Pili, orodha za ndege zinaamua mambo ya ardhi. Itombwe inahesabiwa kati ya misitu ya milima yenye ndege wengi zaidi barani Afrika, zaidi ya aina 500. Mwaka 2006 serkali ilitia sahihi kuifanya hifadhi ya asili, na wakaaji walilalamika kwamba mipaka ilichorwa bila wao. Ilibidi mazungumzo na vijiji yafanyike baadaye, wakati yalipaswa kutangulia. Ndege hawakuwa na kosa katika jambo hilo. Lakini liwe somo: yule anayeandika kilichomo msituni ana sauti katika kuamua nani atalima wapi. Wenyeji wakikosekana kwenye kuandika, watakosekana pia kwenye kuamua.

Tatu, kuna ndege wanaoweza kuisha bila mtu kujua, kwa sababu wanafanana na wengine. Kando ya Butembo na kwenye nyanda za Lendu, huko Ituri, anaishi ndege wa kijani anayeitwa Chlorocichla prigoginei, aliyepewa jina mwaka 1967. Hajulikani mahali pengine popote duniani. Msitu wake umekatwa sana. Mhesabuji mwenye haraka akimwona, atamwandika kama mmoja wa jamaa zake wa kawaida, kwa sababu hao wamejaa kitabuni. Siku ndege wa mwisho atakapokufa, rapoti itaendelea kusema kila kitu kiko sawa. Na watu wa sehemu hizo ndio waliopigwa na vita na kutawanyika, wakiwa na habari za ndege huyo vichwani mwao.

Nne, na hili ndilo la haraka: akili ya msitu inakufa kambini. Nyumba ikichomwa inajengwa tena. Mbuzi akiibiwa anaweza kununuliwa siku moja. Lakini mzee anayejua sauti za ndege wa bonde lake, akizeeka mahali pasipo bonde wala ndege, na wajukuu wake wakikua wakisikia jenereta tu, akili hiyo inazikwa naye. Haihitaji dola nyingi kuiokoa. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu wa kuuliza. Simu yenye kinasa sauti inatosha. Mzee aulizwe jina la ndege kwa lugha yake, sauti yake ikoje, alikuwa anaishi wapi, na ni yupi anayefanana naye lakini si yeye. Swali hilo la mwisho lisisahauliwe, kwa sababu ndani yake mna elimu yote inayobishaniwa hapa.

KINACHODAIWA

Hakuna anayeomba kazi ya kuhesabu ndege isimame. Inaombwa ifanywe kwa heshima na kweli, na madai yenyewe ni mepesi.

Karatasi ziwe na nafasi tatu: "mmoja wa hawa wawili", "chotara ao anayeshukiwa kuwa chotara", na "hajulikani". Anayejaza nafasi hizo asikatwe mshahara na asionekane mjinga. Kinyume chake, mkubwa wa mradi akiona karatasi ya msitu mzima isiyo na "sijui" hata moja, hapo ndipo aanze kuuliza.

Kabla ya jina, kiandikwe kilichoonekana. Tumbo rangi gani, mkia upo ao haupo, alikuwa juu ao chini, alilia namna gani, saa ngapi, mti gani, shamba liko hatua ngapi kutoka pale. Jina likiwa na kosa, maelezo hayo yatamsaidia mwingine kurekebisha. Jina peke yake halirekebishiki.

Wenyeji waliotoa ushahidi waandikwe kwa majina yao kama mashahidi, wakikubali, na walipwe kwa akili yao. Kulipwa kwa kubeba mizigo ni kitu kingine. Mtu anayetenganisha ndege wanne kwa masikio amefanya kazi ambayo kitabu kimeshindwa.

Na matokeo yarudi. Yasomwe kwa Kiswahili kwenye redio za jamii, kwenye baraza la kijiji na kwenye kambi. Watu waambiwe ni ndege gani walipatikana katika bonde walilokimbia, na ni wapi wahesabuji walishindwa. Huenda msikilizaji mmoja, akiwa ameketi mbele ya hema lake, atasema: huyo mnayemshindwa, mimi namjua, analala kwenye mianzi. Mradi wa maelfu ya dola unaweza kukwama mahali ambapo mtu huyo angetoa jibu bure.

Kuna watakaosema kwamba kukubali "sijui" kutafanya wenye pesa waone Wakongo hawajui kazi. Hiyo ni hofu, si sababu. Chapin hakudharauliwa kwa kukaa miaka 23 na unyoya asioujua. Anaheshimiwa kwa sababu hiyo. Waliobandika jina la tausi wa India, hakuna anayewakumbuka.

Kwa hiyo vijana wanaoingia msituni na karatasi, iwe Ituri, Walikale ao Itombwe, wasione haya. Wakimwona ndege mwenye kifua cha kijivu na tumbo la chungwa, waandike hivyo hivyo: kifua cha kijivu, tumbo la chungwa, kando ya shamba jipya la mihogo. Kisha wamgeukie mzee aliye nyuma yao na panga, wamuulize alianza kuwaona mwaka gani.